Kitambaa Chekundu cha Saa Tisa

Mimi kazini naitwa Redio, na walionipa jina hilo hawakukosea. Siku niliyorudi baada ya likizo ya uzazi mdomo ulitangulia kama kawaida yake, na kabla sijatia hata uzi kwenye cherehani nilikuwa nimeshawekeana dau na bosi.

Kiwanda chetu kinashona mashati ya sare. Tuko laini mbili, kila laini wanawake kumi wamekaa foleni: huyu anaweka mifuko, yule mikono, mwingine matundu ya vifungo, na shati linapita meza hadi meza. Kola za laini ya kwanza ni zangu. Kola zikikwama, laini nzima inabaki kutazamana. Ndiyo maana kuna sheria kwamba hunyanyuki kitini mpaka uinue kitambaa chekundu kilichofungwa mezani pako, na kitambaa hicho ni cha sindano iliyovunjika au uzi uliogoma, basi. Haja nyingine zote zinasubiri mapumziko ya mchana.

Sasa mimi nina mtoto wa miezi minne, na yeye sheria hiyo hajaisoma. Nilimwomba bosi, ambaye tunamwita Bwana Saa kwa kuwa saa ya kuhesabia dakika haimtoki shingoni, anipe nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, pamoja na ile stoo ya marobota pale kona, maana ina mlango na komeo. Wifi yangu angekuwa analeta mtoto. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi, kwamba kama bado nanyonyesha nirudi nyumbani nikamalize, yeye atatafuta mtu mwingine wa kola.

Eti mtu mwingine wa kola! Miaka sita nimekunja kola za kiwanda hiki, na hakuna hata moja iliyowahi kurudishwa. Nikamwambia mbele ya wote anipe siku moja na nusu saa zangu mbili. Laini yangu ikitangulia kufikisha mashati mia mbili, stoo ni yangu. Tukishindwa, nachukua mkasi wangu naondoka. Alicheka, akatupia jicho laini ya pili, akakubali.

Alicheka kwa sababu kola za laini ya pili anashona dada tunayemwita Mashine. Alikuwa na miezi miwili tu kazini, aliingia nikiwa likizo, na wenzangu walikuwa wameshanipa sifa zake. Haongei, hanywi maji, hainui kichwa. Mdomo uliponza kichwa, nikajisemea, lakini leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo.

Tukaanza saa mbili asubuhi. Jamani, tulishona! Mpango wangu ulikuwa kuwatangulia wenzangu, nishone kola za akiba zijae kapuni, ili nikiwa stoo wao waendelee kuchota. Saa nne wifi akafika anahema, akaniambia mwanangu ana hasira zangu zote, kwa baba yake amechukua pua tu. Nilinyonyesha nimekalia robota, masikio yote yako nje. Nilipotoka kapuni zilibaki kola saba, na laini haikuwa imesimama hata dakika moja. Mama wa vifungo, mtu mzima asiyependa mzaha kabisa, akanikonyeza.

Mchana wao walikuwa mia na nne, sisi tisini na tisa. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, alikuwa anaandika hesabu ubaoni kwa chaki, na kila akiandika watu wanaguna na kutaniana kutoka laini hadi laini. Hata fundi wa umeme alijifanya ana taa ya kutengeneza ili abaki kutazama. Ilipokaribia saa tisa tulikuwa sisi mia sitini na moja, wao mia na sitini. Moyo ulinienda mbio, na nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtoto anayekimbizana na wenzake.

Wifi akarudi. Nilipompokea mtoto nikaona laini ya pili imesimama. Mashine amekaa, amejikumbatia kifuani, mezani pake hakuna hata kola moja. Sitaficha, nilifurahi. Nilidhani cherehani imemharibikia.

Ndipo mwanangu akalia. Mashine alishtuka, na gauni lake likalowa pale kifuani, madoa mawili yanapanuka huku namwangalia. Mama yeyote anayajua madoa hayo. Nikamwinamia, nikamuuliza kama ana mtoto.

"Miezi mitatu," alisema, na ndiyo mara ya kwanza naisikia sauti yake. "Waliponiandika waliniuliza kama nina mtoto mchanga. Nikasema sina."

Ningeingia stoo kimya kimya, ushindi ulikuwa wetu. Nilifikiria hivyo, nisiwadanganye. Halafu nikaona haya, hasira ikanipanda, na nikakishika kitambaa chekundu cha mezani pake nikakiinua juu. Bwana Saa akaja mbio kuuliza ni sindano au ni uzi.

"Ni maziwa, bosi," nikasema. "Huyu ana mtoto wa miezi mitatu, na wewe umemfanya amkane."

Nikawaambia wenzangu nusu ya kola zetu zipelekwe laini ya pili. Bwana Saa akanikumbusha kwamba hivyo nitashindwa. Nikamwambia najua. Alikuwa bado anaitazama saa yake wakati binti wa mifuko, laini ya pili, alipoinua kitambaa chake, na cherehani yake nzima kabisa. Akafuata wa mikono wa laini yetu, ambaye mchana uleule nilikula naye sahani moja, wala sikujua ana mchanga nyumbani. Vikainuka vingine viwili kule nyuma. Mwisho msimamizi mwenyewe, kwa kuwa hana cherehani wala kitambaa, akainua chaki.

Bwana Saa alituangalia mmoja mmoja. "Wote hawa niliwauliza?" alisema taratibu.

Msimamizi akamjibu kwamba aliwauliza wote, na wote walimjibu alivyotaka.

Bwana Saa alikwenda stoo, akaanza kuburuta marobota nje kwa mikono yake, na akiwa ameinama hivyo akauliza vinahitajika viti vingapi. Nikamwambia saba. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na sisi tulikuwa tumezaa na bado tunaficha.

Nani alitangulia mia mbili sijui mpaka leo, maana chaki ilisahauliwa mfukoni mwa msimamizi. Mimi nilikuwa stoo nanyonyesha. Mashine alikaa pembeni yangu akikamulia kikombeni, anaongea. Alinisimulia mwanawe anavyopiga chafya, anavyokunja vidole, anavyomtafuta kwa macho akisikia mlango. Kwa miezi miwili hakuwa amemtaja kwa mtu yeyote. Nilifungua mdomo mara tatu nichangie na mara zote tatu sikupata nafasi, nikanyamaza nikamsikiliza.