Herufi za Pembeni

Siku ya nane baada ya mazishi, shemeji yangu alikuja na gari la shule kuchukua maboksi ya marehemu mume wangu. Hakubisha hodi. Alipitiliza hadi chumba cha kusomea, akahesabu maboksi kumi na manne ya viatu, akasema, "Shemeji, hivi ni vitu vya ukoo. Wewe utavifanyia nini?" Macho yangu yalikuwa bado yamevimba kwa kulia, nikanyamaza. Mpaka leo nikikumbuka kunyamaza kule najichukia, ingawa si kwa kiasi ninachomchukia yeye.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na ulevi wake ulikuwa kupangua maneno. Mpe neno moja, atalivunja herufi na kuzipanga upya mpaka atoe kila neno lililojificha humo. Kila neno alilipa kadi yake, kwa mwandiko wake uliolalia kushoto. Maana ya Kiswahili niliandika mimi chini yake, kwa wino wa bluu, kwa kuwa alikiri mwenyewe kwamba kwa Kiswahili sikamatiki. Tulibishania maana mezani mpaka chakula kikapoa. Miaka kumi na mmoja tulifanya hivyo. Kilikuwa kiwe kitabu chenye majina yetu mawili kwenye jalada, na alipoondoka, hicho tu ndicho nilichobaki nakitaka.

Shemeji ni mkuu wa shule. Watu wanamwita Mkuu hata msibani, naye anaitika. Miezi miwili baadaye nilikwenda kupimwa gauni, na fundi cherehani akaniambia huku pini ziko mdomoni, "Kumbe kwenu kuna mwandishi! Mkuu anatoa kitabu, mji mzima unajua." Damu ilinipanda kichwani. Nilitoka pale gauni likiwa halijapimwa hata mkono mmoja.

Sikuhangaika kumfuata. Alinifuata mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shemeji, hebu nisaidie kidogo. Wachapishaji wamekataa kazi. Wanasema walichoahidiwa si kamusi. Wanataka maneno yenye herufi zilezile yakae pamoja."

Walichoahidiwa! Aliyewaahidi ni mume wangu, kwa barua, miaka mitatu nyuma. Jina la ukoo ni moja, kazi ni ileile ya ualimu. Mkuu alipowapigia simu walidhani ndiye yule aliyewaandikia, naye akawaacha wadhani.

"Lakini kadi si zilikuwa zimeshapangwa?" nikamuuliza kwa upole ambao mwenyewe niliushangaa.

Akakohoa. "Zilikuwa zimefungwafungwa na mipira, shaghalabaghala. Halafu pembeni zimechafuliwa na penseli. Nikawaambia watu wa ofisini kwangu wazisafishe."

Wakazisafisha kweli. Walifungua kila mpira, wakafuta kila alama ya penseli kwa ufutio, wakazipanga A mpaka Z kama majina ya wanafunzi. Kadi elfu tano na mia mbili.

Nilikwenda jikoni, nikafungua bomba na kunawa uso kwa muda mrefu, maana vinginevyo ningemvunjia kiti kichwani. Niliporudi nilikuwa najua la kufanya. "Zirudishe zote hapa," nikasema. "Nitakuonyesha."

Kesho yake asubuhi niliwapigia wachapishaji. Nikajitambulisha kuwa ni mjane wa mwalimu aliyewaandikia, na huo ndio ukweli wenyewe. Mhariri, mama mwenye sauti ya kukwaruza, akaniambia ile barua bado iko kwenye faili.

"Siku ya kuja kuchukua kazi," nikamwambia, "tafadhali njoo nayo."

Mkuu alirudisha maboksi. Nikamkalisha kwenye meza ya chakula, nikatafuta kadi tano na kumwekea mbele. "Stare" ni kukodoa macho. "Rates" ni viwango. "Tares" ni magugu yanayoota katikati ya ngano. "Aster" ni ua. "Tears" ni machozi, maana niliyoiandika kwa mkono wangu siku aliyotuambia daktari kwamba dawa hazisaidii tena. Nililitazama kidogo, kisha nikaendelea.

"Zichukue herufi za neno lolote kati ya haya, uzipange kwa mfuatano wa alfabeti. Utapata nini?"

Alihesabu kwa vidole. "A, E, R, S, T."

"Na hili jingine?"

"A, E, R... ni zilezile."

"Basi hizo ndizo zinakaa pembeni mwa kadi. Zinazofanana pembeni zinafungwa pamoja. Ule uchafu uliofutisha ndio uliokuwa kitabu chenyewe, Mkuu."

Akataka kuzipeleka kadi kwa watu wake wa ofisini. Nikakataa. "Hao ndio waliotufikisha hapa. Kazi hii anaifanya mwenye kitabu, kwa mkono wake mwenyewe, na kwa wino. Penseli umeona mwisho wake."

Hilo la mwenye kitabu lilimlainisha. Akatoa kalamu ya wino mwekundu, ile anayosahihishia, akaanza.

Wiki tisa! Kila siku akitoka shuleni alikuja kwangu, akavua koti, akainama mezani mpaka giza lianze kuingia. Mimi nilikaa ng'ambo ya meza nikifuma. "Mkuu, hapa T imetangulia S. Rudia." "Mkuu, umemeza herufi moja." Alikata na kurudia, alama nyekundu zikajaa pembeni kama karatasi ya mtoto mzito. Wiki ya nne mkono ulimvimba, akaja amefunga bandeji. Nikampa pole na boksi jingine. Sitasema nilimwonea huruma, maana ningekuwa naongopa. Nililala usingizi mzuri wiki zile zote, mara ya kwanza tangu msiba.

Mhariri alikuja siku ya Jumamosi. Mkuu alikuwa amevaa suti na kunyoa ndevu mpaka kidevu kinang'aa. Alikwishaandaa maneno ya shukrani, karatasi ilichungulia mfukoni. Mama yule hakuketi. Alivuta boksi la kwanza, akatoa kadi moja, kisha akafungua faili lake na kulaza barua ya mume wangu kando yake.

Mwandiko ulikuwa mmoja, umelalia kushoto.

"Maneno ni ya aliyeniandikia barua hii," akasema taratibu. "Na hapa mwisho ameandika kwamba maana zote zinaandikwa na mke wake." Akaniangalia. Nikachukua kalamu yangu ya bluu, nikaandika "machozi" nyuma ya bahasha na kumpa. Alilinganisha, akaitikia kwa kichwa. Halafu akamgeukia Mkuu, kidole chake kikiwa kwenye pembe ya kadi.

"Na huu mwekundu ni mkono wa nani?"

Mkuu alinitazama. Nami nikamtazama, sikupepesa. Angesema kitabu ni chake, barua ilikuwa pale mezani, na Jumatatu mji mzima ungejua mkuu wa shule amemwibia marehemu ndugu yake. Jasho lilimtiririka kidevuni.

"Ni wangu," akasema. "Mimi... nilisaidia tu. Kuandika herufi za pembeni."

"Ahsante sana kwa msaada," mhariri akasema, akaandika kitu kwenye daftari lake.

"Kuna kadi kama mia mbili bado amezikosea," nikamwambia mhariri, nikimsogezea shemeji boksi la mwisho. "Karibu ukae, mama. Anazirudia sasa hivi."