Pichi Bila Sukari

Papa Zéphirin aliwapikia wazungu wa nyumba ile miaka kumi na minane. Hata baada ya wao kufunga masanduku na kuondoka, mwaka ule serikali ilipowapa raia maduka ya wageni, miguu yake ilizoea kupita pale. Asubuhi moja ya Desemba, mvua ikiwa imeacha kidogo, alichungulia juu ya ukuta akaona mpichi umeinama kwa uzito wa matunda. Chini yake alisimama kibarua mmoja, Jeannot, ameshika shoka.

Zéphirin akabisha hodi kabla hajajua atasema nini.

Mwenye nyumba sasa alikuwa Mama Alima, mke wa muuza vitambaa, watu wa Maniema kwa asili. Alimweleza kwa upole kwamba matunda yale yenye manyoya yanaanguka na kuoza, nzi na nyuki wanaingia mpaka jikoni. Yeye mwenyewe aliwahi kuuma moja, likamkausha ulimi siku nzima. Mti wa namna hiyo ni wa nini?

"Mama, uliikula bado mbichi," alisema Zéphirin. "Unipe siku moja tu, nitakupikia. Kama haiko muzuri, bakate."

Alima alimtazama yule mzee na kofia yake mkononi, kisha akamwambia Jeannot aweke shoka chini, anywe chai kwanza.

Jikoni, jiko la umeme lilikuwa limefunikwa kitambaa; kazi yote ilifanyika kwenye mbabula mbili za makaa, sakafuni. Zéphirin alikunja mikono ya shati, akaomba sukari. Alima akasema sukari haijaonekana madukani wiki ya tatu hii, na ile kidogo iliyoletwa kutoka Mokambo, mpakani, ilikwisha kabla foleni haijafika nusu.

Yote aliyoyajua mzee kuhusu pichi yalipitia kwenye sukari: jemu, keki za tati, pichi za chupa. Vipimo vyote alikuwa navyo kichwani, lakini havikuwa na kazi. Alikaa kwenye kigoda, kisu mkononi, akaona haya. Ameuombea mti uhai, na hana cha kuutetea.

"Bila sukari, mama, mi sijue kuipika."

Alima hakucheka. Alichukua pichi moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainusa. Akasema mama yake, kule Kasongo, alikuwa akipika mbuzi kwa maembe machanga, na hakuna aliyeacha kitu chunguni.

"Basi nitapika miye," alisema. "Weye utanionyesha tu yenye kuiva na yenye bado."

Wakatoka uani. Zéphirin akamfundisha kutazama karibu na kikonyo cha tunda: pakiwa na kijani, subiri, pakiwa na manjano, lizungushe taratibu, litakuja lenyewe. Akamfundisha pia kuzitumbukiza katika maji ya moto kwa muda mfupi tu, ganda livuliwe kama soksi. Lakini Alima alipokaanga vitunguu mpaka vikawa kahawia, akatia tangawizi, karafuu, pilipili na vipande vya mbuzi, yule mpishi wa miaka mingi alisimama kando yake kama mwanafunzi. Hakuwahi kuiona pichi karibu na kitunguu. Zile ngumu ziliingia mwisho, zimepasuliwa katikati, zisije zikayeyuka. Harufu iliyopanda ilimfanya Jeannot asogeze kiti chake mlangoni.

Adhuhuri mume, Baba Amadi, alirudi kutoka dukani. Alikula bukari, ugali wake, akaongezewa, ndipo akauliza nini hiki kilichotiwa ndani ya nyama. Alima akamwambia ni matunda ya ule mti wao. Amadi alitoka nje na mkono bado una mchuzi, akauzunguka mpichi. Kisha akamwambia Jeannot apunguze tawi moja tu, lile kavu lililolalia bati.

Alima akamwomba Zéphirin aje kila asubuhi mpaka msimu uishe. Zilizobaki watazikata vipande na kuzikausha, jua likipatikana. Zilizoiva sana hazikufaa chungu, akamjazia ndoo.

Jioni, nyumbani kwake Kamalondo, Zéphirin alikaa mlangoni na mke wake, Germaine, ndoo katikati yao. Miaka yote ile hakuwahi kula pichi iliyoivia mtini. Madame, yule mwajiri wake, alitaka zote ziingie chupani, na yeye aliambulia kulamba kijiko. Sasa waliziuma hivyo hivyo, maji yakiwatiririka mpaka viwikoni. Germaine aliuliza ni kwa nini wazungu walikuwa wakichemsha kitu kitamu hivi. Zéphirin akachukua nyingine.