Hukumu ya Ngazini

Kiti kinaanza kulala kabla yangu. Nakiegemea kidogo tu, nacho kinarudi nyuma taratibu na mimi ndani yake, Jumamosi, saa nane na robo mchana, katika ukumbi wa sinema ulio ghorofa ya tatu, na taa zinapozimwa najiambia kwa jina langu, Sikudhani, leo usithubutu. Leo siyo siku ya kulala. Pembeni yangu amekaa Kuruthumu, shoga yangu kwa miaka thelathini, nesi mstaafu, ameshika pakiti ya bisi ambayo hajaifungua, kwa sababu filamu inayoanza ni yake. Humo ndani amecheza mama mtu, mara yake ya kwanza kuigiza na huenda ya mwisho, na miezi minane amenificha hadithi yote ili niione kwa macho yangu. Nami macho yangu haya nimeyamaliza kwenye cherehani, siku tatu mfululizo nashona sare za harusi ya watu, kope zimekuwa nzito kama zimetiwa mawe. Balaa ni kwamba tuna sheria, mimi na yeye, tuliyoanza nayo tangu usichana, tulipokuwa tunatazama filamu za mapigano kwenye kibanda umiza cha Morogoro huku mkalimani akitafsiri kwa sauti kubwa kuliko bunduki zenyewe. Hukumu hutolewa ngazini. Filamu ikiisha mnashuka kwa miguu, hakuna cha lifti, na kila mmoja anasema ukweli wake kabla hajakanyaga sakafu ya chini, na mkishafika chini mdomo umefungwa, hakuna kurekebisha. Na aliyelala hana kauli. Hicho kifungu cha mwisho nilikitunga mimi, mwaka ule Kuruthumu alipokoroma katikati ya vita. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jina la filamu linatokea, Ukuta wa Jikoni, kisha linatokea jiko lenyewe, na bomba linalodondosha maji kwenye beseni, tone, tone, na mimi nayahesabu ili nisilale, moja, mbili, tatu, na tone la saba linaniangukia mkononi. Ni la baridi. Nanyanyuka. Vitaa vile vidogo vya pembeni mwa njia ya ukumbini vinaendelea mbele yangu, vinapita pale kilipokuwa kitambaa cha picha, vinaendelea tu, barabara nyembamba isiyo na mwisho, na mimi nimeshaikanyaga. Mtu mwenye tochi ananisubiri. Pale penye uso hana uso, pana kitambaa cheupe kigumu, kama kile tunachokiweka ndani ya kola, na siogopi, kusema kweli nastaajabu tu, maana sioni mshono wake uko wapi. Namuuliza, kaka, njia ya kurudi ni ipi, shoga yangu yuko kwenye filamu sasa hivi. Ananijibu, Kitendawili. Mdomo wangu unajibu wenyewe kama tulivyozoeshwa utotoni, Tega. Anasema, anauawa saa nane mchana, anauawa tena saa kumi na moja, wala hazikwi. Nasema jogoo. Siyo. Nasema jua. Siyo. Basi nipe mji, anasema, na mnajua wenyewe, aliyeshindwa kutegua lazima atoe mji, ndipo aambiwe jibu. Nampa Kilosa. Na Kilosa inakuja, inajikunjua mbele yetu na stesheni yake na reli zake, isipokuwa kila nyumba ina nyumba nyingine iliyotazamana nayo, sawasawa, mpaka kanga zilizoanikwa ni zilezile, na katikati ya reli anakimbia staringi wa ile filamu ya mapigano tuliyoitazama mwanzo wa mwezi, anafukuzwa na maadui arobaini. Jibu ndilo hilo, anasema mtu wa tochi, adui wa kwenye filamu. Nacheka. Namwambia, sikiliza, hii filamu niliihukumu ngazini na sibadilishi neno. Huyu kijana amepigwa risasi kumi na moja, ameanguka mtoni, amepita kwenye moto, na kola ya shati lake imesimama vilevile, hata kifungo hakijaachia. Nani kamshonea? Ningepewa mimi hiyo filamu ningempasulia bega la shati dakika ya ishirini, watu wamwonee huruma. Lakini zile mbio za juu ya mabehewa, zile ni za haki, nilisimama kwenye kiti, nilipiga kelele mpaka nikakaripiwa. Nilimwambia Kuruthumu, hadithi haina kichwa, miguu inayo.

Tunatembea. Kilosa haiishi, inageuka tu. Nauliza tena njia ya kurudi, na mtu wa tochi, au mwingine aliyeshika tochi ileile, sina hakika, anasema, Kitendawili, akijificha namwogopa, akijitokeza namcheka. Hapa jibu ninalijua, liko kwenye ncha ya ulimi, ni yule jini wa wodi namba tano katika ile filamu ya kutisha, lakini kitu fulani kinaniambia nikitegua nitarudishwa, na nikirudishwa nitaulizwa. Nitaulizwa na Kuruthumu. Basi najifanya sijui. Nampa mji, nampa Tunduru. Na Tunduru inakuja na korido ndefu ya hospitali, vioo huku na huku, na mimi niko kwenye kila kioo, mmoja nyuma ya mwenzake, wote wana tepu ya kupimia shingoni. Jini anapita na wigi lake. Jamani lile wigi. Nusu ya kwanza ya filamu ile mlango ulikuwa unafunguka tu, polepole, hakuna mtu, na nilimshika Kuruthumu mkono mpaka akalalamika. Kisha wakamtoa jini hadharani na taa zote zinawaka, mambo yakaharibika, kwa sababu usilolijua ndilo linalotisha, na wigi la dukani kila mtu analijua. Kuruthumu mwenyewe, nesi wa miaka thelathini na moja, hukumu yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuna wodi inayoachwa na mgonjwa mmoja kitandani, wangekuwa wawili wawili na mwingine chini. Alichekesha ngazi nzima.

Mji, ananiambia. Hajatega hata kitendawili. Nampa Pangani, nampa haraka, na Pangani inakuja na mvua, na chini ya mvua wale wapenzi wawili wa ile filamu ya mapenzi wanakumbatiana kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu angeweza kupika wali ukaiva. Walijuana dakika ya tano, dakika ya arobaini wakaoana, na zipu ya gauni la bibi harusi inaonekana mpaka mlango wa nyuma, aibu gani hii. Niliisema vibaya filamu ile. Mbona ulilia, anauliza mtu wa tochi. Nani kalia? Anamulika shavu langu na mimi naona haya, kwa sababu nililia, nililia pale baba wa binti alipokunja kanzu yake na kuiweka kwenye sanduku, nikasingizia vumbi, nikashuka ngazi zote nikidanganya. Ndiyo hukumu pekee ya uongo niliyowahi kutoa. Sijui kwa nini nakiri kwa mtu asiye na uso, labda ni kwa sababu hiyohiyo. Nampa mji mwingine kabla hajaongeza neno, Nachingwea, na huko natembea furaha tupu, maana ni msitu wa ile katuni ya nungunungu ambaye shimo lake lilijaa maji, rangi zake kama vitenge vipya, nungunungu ananipita na godoro kichwani, ananisalimia, shikamoo mama, namwitikia marahaba baba. Mimi mtu mzima na mvi zangu nasema bila aibu, mwaka huu haijatoka filamu kupita hiyo. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeachwa, mnyama anatafuta pa kulala basi, na saa moja na nusu sikusinzia hata mara moja.

Nimelitamka mwenyewe neno lile, kusinzia, na barabara inasimama. Miji yote inanitazama. Mtu wa tochi anasema, Kitendawili. Sijibu tega, lakini anatega hivyohivyo. Nimekaa naye bega kwa bega, amekuja kuniona, na hajaniona. Nipe mji, ananihimiza, na sauti yake ni ya upole, anasema miji ipo mingi, ukitaka tutembee mwaka mzima, Newala bado, Mpwapwa bado. Na ni kweli tungeweza. Nimeridhika huku, miguu hainiumi, macho hayawashi, na hakuna anayenisubiri ngazini ameshika pakiti ya bisi. Ningeweza hata kurudi na kumdanganya, kumwambia shoga umecheza vizuri mno, neno hilo linatosha filamu yoyote, lingemtosha mtu yeyote asiyekuwa Kuruthumu. Miaka thelathini nimemwambia ukweli juu ya watu nisiowajua, na leo ni zamu yake. Namjibu mtu wa tochi, sikupi mji. Ni mimi. Ni mtu aliyelala. Anazima tochi, na kwenye giza lile naona dirisha, ndani ya dirisha jiko, ndani ya jiko Kuruthumu amevaa kanga asiyokuwa nayo kwao, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake pana sahani mbili za ugali na mlenda. Ya kwake ameimaliza. Ya pili ameifunika kawa, ni ya mwanawe aliyesema anakuja leo, na nje kumeshakuwa kimya cha mtu asiyekuja. Anaifunua. Anaila. Anakula haraka, tonge baada ya tonge, kama anayemkomoa mtu, anaimaliza yote, anafuta mlenda kwa kidole mpaka sahani inang'aa, halafu anacheka kidogo, peke yake. Namwita. Hasikii. Nagonga kioo cha dirisha, nagonga tena.

Mkono uko begani kwangu na taa zimewaka. Watu wanatoka, wanafunga mikoba, mtoto analia anataka kubaki. Kuruthumu ananitazama, anaelekea mlangoni nami namfuata, mpaka ngazini. Anashika chuma cha ngazi. Haya mwenzangu, anasema, sema, na usinionee haya, mimi siyo mtoto. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasema, shoga, nililala. Anasimama. Ulilala, anarudia. Nililala tangu bomba la maji, shoga yangu, nisamehe, siku tatu sijapata usingizi. Ananijibu, aliyelala hana kauli, Siku, umetunga wewe. Namwambia najua, sina kauli, sikuhukumu, lakini niache nikusimulie nilichokiona huko nilikokuwa, na hata singoji aniruhusu, nimeshaanza, ile sahani ya pili, kawa, namna alivyokula kwa hasira, kidole, kile kicheko. Kuruthumu anakaa chini palepale kwenye ngazi, watu wanampita. Nani kakwambia, anauliza. Hakuna aliyeniambia, namjibu. Siku, anasema, hicho kipande tulikipiga siku ya mwisho, nilikula sahani nne za mlenda mpaka mwongozaji akaridhika, halafu wakakikata, wamesema kilirefusha filamu. Leo nimekaa nakitafuta mpaka majina yanapita. Hakimo.

Tunatazamana. Kisha ananivuta mkono nimsaidie kunyanyuka, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, anauliza taratibu, sasa nilikuwaje? Namwambia ukweli wangu. Namwambia ulikula vibaya, ulikula kama mama mwenye njaa na hasira na mapenzi, sijawahi kuona mtu akila hivyo kwenye filamu yoyote tangu kibanda cha Morogoro, na kanga ile haikukupendeza. Anacheka mpaka anashika ukuta. Kanga ilikuwa ya mwongozaji, anasema, hata mimi niliichukia. Na kile kicheko cha mwisho, namuuliza, walikufundisha? Kilitoka tu, anasema, nilimkumbuka mama. Tunashuka. Ananifungulia bisi, tunakula tukishuka, ananisimulia alivyosahau maneno mbele ya kamera, mimi namsimulia nungunungu na godoro lake, tunapita kona ya ngazi, na nyingine, na nyingine. Jengo hili ni la ghorofa tatu. Mimi nimeshahesabu ghorofa tano, na sakafu ya chini haijafika, na Kuruthumu naye nadhani amehesabu, maana ananibana mkono kidogo, lakini hatulisemi hilo, hukumu bado haijafungwa, na kuna mengi sijamwambia kuhusu namna alivyoifunua ile kawa.