Onyo Linalozima Mashine

Asubuhi ile, maabarani, mashine iliwafia mikononi mara tatu hata chai hawajanywa. Kila walipoichomoa kwenye umeme ili ihamie kwenye betri, kioo kiligeuka cheusi, king'ora kikalia, na pampu ya hewa ikanyamaza.

Ilikuwa mashine ya kupumulia wagonjwa. Mwanamke aliyeishika kebo ndiye aliyeandika programu za kiini chake, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ambayo ikianguka, vyote vilivyo juu yake vinaanguka nayo. Hakuchelewa kupata sababu. Saa ndogo ya betri, ambayo kiini huisoma, ilijibu kwa kuchelewa kidogo sana, na kiini kikatoa onyo. Onyo tu, wala si zaidi. Lakini mashine za majaribio za maabara yao ziliwekewa swichi moja ndani ya programu: onyo lolote, hata liwe dogo namna gani, lizime kila kitu, ili kosa lisipite kimyakimya.

"Safi kabisa," mkuu wake alisema akisugua viganja. "Bora ifie hapa kwetu."

Ofisi nzima ilimwita Bwana Zima. "Mashine inayoendelea huku imekosea," alizoea kusema, "ni mlevi anayekwambia yuko sawa, mpe funguo."

"Na anayezima gari katikati ya kona, tumwiteje?" alimjibu yule mwanamke, kama alivyomjibu siku zote.

Simu ikatetemeka mezani. Ilikuwa picha kutoka kwa wifi yake, aliyekuwa akimuuguza mama yake hospitalini. Huyo mama mkwe wake alikuwa amelazwa kwa homa ya mapafu, mpira wa hewa kooni. *Mama kafumbua macho leo!* wifi aliandika. Mwanamke akatabasamu. Kisha tabasamu likamkauka mdomoni. Ubavuni mwa mashine iliyokuwa kando ya kitanda palikuwa na kibandiko cha njano, na kibandiko cha njano hakikuwekwa ila kwenye mashine za maabara.

"Mkuu, kuna mashine yetu iliyotoka humu?"

"Moja. Hospitali ilipungukiwa, ikaomba kuazima. Nilisema wabadilishe programu kwanza, waweke ya..." Akaiona picha. Sentensi ikamfia.

Tayari mwanamke alikuwa anapiga simu. "Wifi, hiyo mashine isikose umeme. Umenisikia?"

"Nani aikoseshe? Ila wametutangazia umeme utakatwa kidogo leo, fundi anajaribu jenereta. Usihofu, nesi kasema mashine ina betri."

"Kimbia kwa nesi. Mwambie amzuie huyo fundi. Tunakuja."

Bwana Zima ndiye aliyeendesha. Walikuwa njiani wifi alipopiga tena: fundi yuko kwenye chumba cha jenereta, chini kabisa, simu yake haipatikani, mhudumu ametumwa. Bwana Zima alijibana kwenye usukani, shingo imejaa jasho.

Nesi wa zamu aliwapokea mlangoni, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. "Mkiizima, mgonjwa wangu atapumua kwa kitu gani?"

"Hatuizimi, dada. Tunataka kuibadili swichi ya programu, mashine ikiwa inafanya kazi."

"Mmewahi kufanya hivyo mtu akiwa kitandani?"

Wakatazamana. "Hapana," mwanamke alisema.

Nesi akaagiza mashine nyingine iletwe kutoka wodi ya pili. Kisha akachukua mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, akasimama kichwani mwa kitanda. "Haya, fanyeni. Ikinyamaza, mnipishe."

Mwanamke akachomeka kebo, akafungua kompyuta yake magotini. Mama mkwe alikuwa macho, anamwangalia. Hakuweza kusema wala kuuliza. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa amri ya mashine. Amri ya kuandika ilikuwa fupi, mstari mmoja tu. Akikosea herufi, kiini kitafanya nini? Yeye aliyekiandika hakujua.

"Soma tena kabla hujabonyeza," Bwana Zima alinong'ona.

Akasoma. Akasoma tena. Akabonyeza. Pampu ikaendelea. Akaiuliza mashine hali ya swichi, nayo ikajibu: swichi imezimwa.

Hakuwahi hata kushusha pumzi. Taa zikazimika.

Pampu ikasita. Mkono wa nesi ukakaza kwenye mfuko. Kwenye kompyuta mstari ukatokea: ONYO, saa ya betri imechelewa. Halafu kifua cha mama kikainuka, taratibu, kikashuka, kikainuka tena. Wifi akaangua kilio. Bwana Zima akaegemea ukuta kama mtu aliyepigwa.

"Imelalamika," nesi alisema, macho kwenye ule mstari. "Sasa niiamini?"

Mwanamke alitaka sana kusema ndiyo. Saa kuchelewa si kitu. Lakini kiini kilikuwa kimesema kilichokiona tu. Yale kisiyoyaona, nani angeyasema?

"Nadhani ni jambo dogo," alisema. "Lakini sijui."

"Basi inatoka."

Mashine ya pili ilipofika, nesi alichomoa mpira kwenye mashine ya kwanza, akapuliza kwa mkono, pumzi baada ya pumzi, huku akihesabu kwa sauti ya chini, mpaka ile nyingine ikashika. Umeme ulirudi wakiwa bado wamesimama pale, hakuna aliyethubutu kukaa.

Kwenye ukumbi Bwana Zima alisema, "Swichi yangu ndiyo iliyofichua lile kosa."

"Na ndiyo ingemuua mama mkwe wangu."

"Ndiyo," alisema.

Walirudi ofisini wakapitia kiini chote, ukaguzi kwa ukaguzi. Pale ambapo hewa bado ingetoka kwa kipimo sahihi, waliandika onyo, na kengele ya kumwita nesi. Pale ambapo kipimo chenyewe kingeweza kuwa kimeharibika, mashine isimame, ipige king'ora, kwa kuwa hewa ya uongo nayo huua. Mahali pamoja walibishana hadi sauti zikakauka. Mwishowe mwanamke mwenyewe ndiye aliyeandika *simama*, na usingizi ukampaa kwa siku kadhaa.

Mama mkwe alipotolewa mpira, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Mkwe, siku ile taa zilipozimika, mlikuwa mnaogopa nini wote?"

"Mashine, mama."

"Ah! Mimi nilidhani mnaniogopa mimi."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Mwanamke akamshika bega, akakikazia macho kifua chake, akingoja kiinuke tena.