Mahali pa Waya Kichwani mwa Kisa

Dada Kisa aliingia kituoni kwetu cha mazoezi ya ubongo, Ipinda, Jumatatu asubuhi akiwa na nywele mpya. Shangazi yake wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumulu alikuwa amemsuka mistari myembamba inayokwenda upande. Nikamsifia, nikafungua daftari, nikashtuka.

Nilikuwa nimeandika: "Waya kati ya mstari wa tatu na wa nne, kulia." Mistari hiyo ya msuko wa zamani haikuwepo tena.

Kisa ni fundi cherehani. Tangu aanguke na bodaboda njia ya Mwaya, akili yake ilikuwa haitulii. Alikuwa akipotea katikati ya mshono. Mara nane alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yetu, waya wa kusoma mawimbi ya ubongo umebandikwa kichwani, akitazama filamu inayofifia mawazo yanapotangatanga na kung'aa yanapotulia. Wiki iliyopita alishona hadi mchana bila kukosea. Kwa furaha akapokea kazi ya kushona sare za kwaya ya Pasaka, ishirini na mbili.

Kaka Hezroni, aliyenifundisha kazi hii kabla ya kurudi Mbeya, alisisitiza tupime kila kichwa kwa utepe, tuandike herufi na namba zinazotumika kila mahali. Lakini kupima kunataka umshike mtu mzima kisogo na shina la pua, na mimi niliona aibu. Nikahesabu mistari ya nywele.

Ningeweza kukisia. Pamba ya kusugulia ngozi ilikuwa tayari mkononi.

"Dada Kisa, sijui pa kuweka waya." Nikamweleza yote nikiangalia sakafu.

"Yaani mdogo wangu, nimkatie mtu gauni kwa kufuata maua ya kitenge alichovaa jana?"

"Nisamehe, dada."

"Na ulivyokuwa unasugua mpaka ngozi inawaka! Alama itakuwepo. Fumua."

"Lakini zimesukwa juzi tu."

"Fumua, nimesema. Kwaya haitavaa nywele zangu."

Nikafumua mistari minne. Kati ya utosi na sikio la kulia palikuwa na kidoa laini, king'avu kidogo kuliko ngozi nyingine. Kisa akavua utepe wa ushonaji shingoni mwake, akanipa.

Nikapima kutoka shina la pua hadi kifundo cha kisogoni, nikatia alama katikati. Kisha sikio hadi sikio kupitia alama hiyo: sentimita thelathini na sita. Moja ya tano yake, kutoka katikati kwenda kulia, ni sentimita saba na milimita mbili. Utepe ukaishia kando ya kidoa, umbali wa punje ya mchele.

"C4," nikaandika.

"Hezroni akisoma hiyo huko Mbeya, atajua ni hapa?"

"Hata mtu wa Lilongwe atajua."

Nikabandika waya. Filamu ilififia, ikasitasita, kisha ikang'aa. Ikaendelea kung'aa hadi Kisa akaacha kuibana kanga yake magotini.

"Ndaga," akashukuru alipomaliza, akifunga kilemba juu ya nywele zilizofumuka nusu. Akachungulia nje, alikokuwa akisubiri zamu yake mzee Nsajigwa, na upara wake. "Na yule ulimwandikia mstari wa ngapi?"

Tulicheka wote wawili. Kisha nikamwomba aniachie utepe hadi jioni, nikatoka kumwita mzee.