Kiwanja Chenye Jina la Des

Des Thackray alikata roho Jumamosi asubuhi, akiwa amepiga goti kando ya karavani, nyumba yao ya magurudumu, akibadilisha mtungi wa gesi. Mkewe, Avril, alikuwa ndani na kiberiti mkononi, akisubiri jiko lipate moto. Alipiga sakafu kwa kisigino mara mbili, kama walivyozoea, kumwambia kwamba gesi bado haijafika. Hakujibiwa. Akapiga tena. Alipochungulia dirishani aliona soli za viatu vya mumewe zimetazama juu, na manyunyu ya baharini yakizilowesha.

Gari la wagonjwa lilikwama langoni. Kizuizi cha kambi hufunguliwa kwa kadi, na kadi ilikuwa mfukoni mwa Des.

Kambi yenyewe ni ya mapumziko, iko pwani ya Lincolnshire, Uingereza, nyuma ya ukuta unaozuia bahari. Karavani za pale zina magurudumu ya jina tu. Zimesimama juu ya zege, safu kwa safu, na wenyewe huzikalia kuanzia Machi hadi Oktoba. Baridi ikianza maji hufungwa, kila mtu anarudi mjini kwake. Des alinunua yake kwa kiinua mgongo, kiwanda cha chuma kule Rotherham kilipomwachisha kazi. Karavani ilikuwa yao. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya kambi, waliikodi kwa msimu, na hilo walilijua, ila ni jambo ambalo mtu hulisahau akishapanda maua.

Maana Des alipanda. Kiwanja kilikuwa cha mchanga mtupu, hakioti kitu. Mwaka hadi mwaka alileta udongo kwa magunia, ndani ya buti la gari, mpaka mwaridi mmoja ukakubali kuota karibu na ngazi.

Mwezi wa Mei Avril alirudi na majivu ya mumewe, aliyechomwa mjini kwao, kwenye mfuko wa kununulia mboga. Kambi hairuhusu mtu kuzikwa pale, hata akiwa majivu. Jirani yao, mzee Ivor Stott, alisimama barabarani akijifanya anaangalia mawingu, huku Avril akifukua chini ya mwaridi kwa kijiko cha supu.

"Fanya haraka, mama," Ivor alisema bila kugeuka. "Wakikuona watamtoza ada ya mgeni wa kulala."

"Huyu si mgeni."

"Waambie hivyo. Watakwambia kila usiku una bei yake, na mbwa ni nusu."

Avril alicheka. Tangu msiba alikuwa hajacheka. Akamimina majivu shimoni, akasawazisha udongo kwa kiganja, akaumwagia maji ya birika.

Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Meneja, kijana aitwaye Lyndon Pask, alimvutia kiti mwenyewe.

"Pole tena, Bi Avril. Des alikuwa baba yetu hapa. Nikuletee chai?"

"Nimeshakunywa."

"Ni jambo dogo tu. Mkataba wa kiwanja una jina la Des peke yake."

"Jina la pili lilikuwa na malipo yake. Des akasema ya nini, si sisi ni kitu kimoja."

"Naelewa. Lakini mkataba si ndoa." Alitabasamu kwa huruma. "Tutaandika lako. Ipo ada ya kubadilisha jina, basi."

Avril alitoa kadi ya benki. Mashine ikatema risiti, naye akainuka. Pask bado alikuwa amekaa.

"Sasa, huu ni mkataba mpya, kwa hiyo na masharti ni mapya. Karavani haitakiwi kuzidi miaka kumi. Yako ina kumi na minne."

"Ninyi ndio mliotuuzia."

"Na mlichagua vizuri. Ninazo mpya pale mbele, unaweza kulipa kidogo kidogo."

"Nina pensheni, mwanangu. Sina mshahara."

"Basi tutaichukua sisi hiyo ya zamani. Paundi mia nne."

Avril akakaa tena. "Si ningemuuzia mtu wa nje?"

"Muuzie. Ila kiwanja hakiendi nayo, kwa hiyo ataivuta. Na kukata gesi na maji lazima afanye fundi wetu. Kuivuta mpaka langoni pia. Halafu kiwanja kinarudishwa kilivyokuwa."

"Kilivyokuwa lini?"

"Kabla yenu."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Avril alingoja ile mashine ipite.

"Kuna mwaridi," alisema. "Niung'oe mwenyewe. Na udongo wa pale chini, niuchukue."

"Kuchimba hairuhusiwi, nyaya za umeme zinapita. Ukipigwa shoti nitaulizwa mimi. Na udongo, samahani, ni wa kambi."

"Des aliuleta. Kwa magunia."

"Ukishamwagwa hapa ni wa hapa, Bi Avril. Ila kuuondoa, kwa kuwa haukuwepo mwanzo, gharama ni yako."

Alisema kwa upole, kama nesi anayemwelekeza mgonjwa chooni. Neno lilimfika Avril kooni. Angemwambia kilichomo kwenye udongo ule. Lakini alimwona Pask ameshika kalamu, anasubiri. Akawaza kwamba hilo nalo litakuwa na bei. Akalimeza.

"Na ada ya msimu?" aliuliza. "Nikiondoka sasa?"

"Msimu ni msimu. Des alikubali kulipa kwa miezi, mpaka Oktoba. Deni la marehemu halifi naye."

Katapila lilikuja Alhamisi. Walianza na ngazi, kisha baraza dogo la mbao, kisha wakaivuta karavani, ikalia kama ng'ombe aliyekataa kutoka zizini. Mahali ilipokuwa palibaki sahani iliyopotea mwaka juzi na mpira wa mtoto wa mtu.

Avril alikuwa amekaa kwenye baraza la Ivor, koti limefungwa hadi shingoni. Fundi aliushika mwaridi kwa kijiko cha katapila, ukatoka na mizizi yake yote na udongo mweusi ukining'inia. Akautupa kwenye lori, juu ya godoro bovu. Akarudi akachota tena, na tena, mpaka mchanga wa zamani ukaonekana.

"Nikamwambie fundi?" Ivor aliuliza.

"Umwambie nini?"

Ivor alisogeza kiti chake karibu. Alimshika begani, kisha mkono akauondoa.

Lori liliwashwa. Avril alipiga mbao za baraza kwa kisigino, mara mbili, taratibu.

"Vipi?" Ivor akamgeukia.

"Si kitu."

Jioni walimwaga kokoto. Ile mia nne ya karavani haikutosha kulipia kazi ya kukirudisha kiwanja. Kilichopungua Avril alikikopa kwa dada yake.

Sasa anaishi mjini mwaka mzima, ghorofa ya tatu. Kila tarehe mosi, mpaka Oktoba, ada ya kiwanja hukatwa kwenye pensheni yake.