Mtani Kaleta Jibu

Wiki ile Asnath alikuwa akila bila kushiba na kulala bila kupumzika. Wafadhili wa Dar es Salaam walikuwa wamepiga simu kwamba Alhamisi atafika mtu na jibu, na yule dada wa simuni hakutaka kusema jibu lenyewe ni la namna gani. "Atakueleza mwenyewe akifika," alisema, akakata. Haya, jibu ni jibu, lakini kuna la ndiyo na kuna la hapana, na mtu anayeweza kungoja lake bila kujua ni lipi, huku akicheka na majirani, huyo amejaliwa. Asnath hakujaliwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Pale Ipuli, Tabora, katika ghala la zamani ambalo baba wa Murtaza, yule mwenye duka la jirani, alikuwa akiwekea asali na nta, palikuwa na maktaba. Haikuwa kubwa, na siku za joto kuta zilikuwa bado zikinuka asali, hata nyuki walikuwa wakipotea njia wakaingia kusoma. Wafadhili hao ndio waliokuwa wakilipa pango, vitabu na mshahara wa mkutubi, na mkutubi ndiye Asnath. Asubuhi alipokea watoto wa shule. Alasiri alifundisha watu wazima kusoma. Sasa ufadhili ulikuwa umefika ukingoni na mwingine umeombwa. Wakikubali, darasa linaendelea. Wakikataa, Murtaza anarudishiwa ghala lake, na kila mtu anarudi kwao na herufi alizokwisha kuzipata.

Kilichomkondesha Asnath si mshahara, ingawa mshahara nao una kishindo chake. Kilichomkondesha ni Bi Nyamizi. Mama huyu alitoka Goweko, akaliacha shamba la tumbaku mikononi mwa mkwewe, akahamia kwa binti yake hapo Ipuli kwa ajili ya darasa tu. Kanisani kwao walikuwa wamemwambia kwamba siku atakayojua kusoma, atasimama mbele asome somo la Jumapili. Maisha yake yote alikuwa amelisikia Neno kwa midomo ya watu wengine, wengine wakisoma huku wanapiga miayo, na jambo hilo lilimuudhi mno. Maneno mafupi alikwisha kuyaweza. Yale marefu yalikuwa bado yanamwangusha, anainuka, yanamwangusha tena. Siku moja alipokata tamaa, Asnath alimshika mkono akamwambia, "Mama, utasoma. Sitakuacha njiani." Ahadi ni deni, na hili ndilo lililomnyima Asnath usingizi.

Alhamisi ikafika. Alasiri, darasa limejaa, gari jeupe likasimama nje. Akashuka bwana wa makamo mwenye shati la kitenge lililonyooka kwa pasi na uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. Asnath aliuona ule uso, akaenda kumpokea.

"Naitwa Kondo," mgeni alisema kwa sauti ya chini mlangoni. "Dada, ningependa kwanza tuzungumze sisi wawili."

Wangezungumza wawili, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini Bi Nyamizi si mtu wa kuacha mgeni apite bila kujulikana.

"Karibu, mgeni wetu," aliita kutoka benchi la mbele. "Kwenu wapi?"

"Shikamoo, mama. Kwetu Kisarawe."

"Marahaba. Kisarawe! Mzaramo?"

"Mzaramo, mama."

Lo! Ghala lililipuka. Mzee Kornel, mrina asali kutoka Usinge ambaye kwa kawaida hasemi mpaka asukumwe, alisimama wima. "Mwalimu, hesabu vitabu! Mzaramo ameingia ndani! Ataviuza vyote kesho akacheze ngoma!"

Maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tena utani wao si wa juzi. Ulitembea kwa miguu njia nzima kutoka hapa mpaka pwani, zama za misafara, babu zetu wakiwa na mizigo kichwani na babu zao wakiwapokea kwa kejeli na chakula. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kukasirika. Na Bwana Kondo, aliposikia lile la ngoma, uso wake ulibadilika. Uchungu wote ukamtoka. Alionekana mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nyinyi wapagazi," alisema akijishika kiuno, "mmeanza lini kusoma? Babu zenu walikuja kwetu na pembe za ndovu kichwani, wakarudi na shanga shingoni, wakasema wamepata faida!"

"Na babu yako alikuwa wapi?" Bi Nyamizi aliuliza. "Si alikuwa amelala chini ya mnazi, anangoja nazi imdondokee mdomoni?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bwana Kondo alicheka nao, akajifuta macho, kisha akainua mkono.

"Sasa nisikilizeni, wala michembe ya viazi. Nimetumwa. Maktaba hii inafungwa. Mwisho wa mwezi, kufuli. Wakubwa wamesema fedha hakuna tena, siku hizi watu watafundishwa kusoma kwa simu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kusoma kwa simu! Mzee Kornel alitoa kisimu chake cha tochi mfukoni, akakigeuza juu chini akitafuta mahali pa kusomea. "Funga leo leo!" Bi Nyamizi alimpigia kelele mgeni. "Mwisho wa mwezi mbali, Mzaramo utakuwa umekwisha kusahau!"

Asnath naye alicheka, kicheko kikamkwama katikati.

Yeye alizaliwa Tabora lakini alilelewa Morogoro na shangazi yake mwalimu, na utani aliujua wa misibani tu. Aliwahi kumwona mtani akiingia kaburini, akajilaza, akakataa kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Alijua mtani ana ruhusa ya kusema uongo wowote. Lakini ana ruhusa ya kusema kweli yoyote pia, na uso wake ni ule ule. Sasa mtu utajuaje? Alimtazama Bwana Kondo akaona anatania. Alimtazama tena akaona hatanii. Alitamani kumshika ukosi amtikise.

Alimfuata kwenye rafu. Bwana Kondo alikuwa akipitisha kidole kwenye migongo ya vitabu, polepole.

"Hivi vitabu mtavipeleka wapi?" aliuliza. "Hapa jirani kuna shule inayoweza kuvipokea?"

"Mmesikia?" Mzee Kornel alidakia. "Ameshaanza kutafuta mnunuzi!"

"Nitaanza na wewe," Bwana Kondo alimjibu bila kugeuka, "ila bei yako haifiki nauli."

Asnath alimsogelea. "Bwana Kondo, nakuomba. Lile la kufunga. Ni utani?"

Alifungua mdomo. Akamtazama Asnath, na kwa kitambo kidogo ule uso wa dawa chungu ulirudi. "Dada, mimi sijatania," alisema.

"Mzaramo asiyetania ni maiti!" Bi Nyamizi aliita, na darasa zima likampokea kwa makofi, na Bwana Kondo mwenyewe, Mungu amsamehe, akacheka. Alicheka sana. Asnath akabaki amesimama na swali lake mkononi, hajui aliweke wapi.

Hapo ndipo Murtaza alipoingia kutoka dukani kwake, hapo hapo ubavuni, miwani imepanda kwenye paji la uso. "Nasikia vigelegele," alimwambia Asnath. "Mmepata?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Mtu amekuja, amesema. Amesema nini?"

"Amesema inafungwa."

"Basi inafungwa."

"Lakini ni mtani wao, Bwana Murtaza. Hawa watu hutukanana hivi hivi. Ni mila."

Murtaza alishusha miwani, akamtazama mgeni kwa makini, kisha akalitazama darasa linalocheka. "Sikiliza, dada Asnath. Mimi hapa si mtani wa mtu. Mimi mtu akiniambia duka limefungwa, nageuka narudi nyumbani. Sikai nje nacheka."

Asnath alimkasirikia kweli kweli. Alimwambia kwamba hajui mila za watu, akamwambia hivyo mtu aliyezaliwa Tabora, na baba yake kazaliwa Tabora, na hata bei ya sukari huipunguza kwa Kinyamwezi. Murtaza alitikisa kichwa, akarudi dukani. Hasira ile haikuwa ya Murtaza hata kidogo. Ilikuwa woga, na woga ukikosa pa kukaa humpanda aliye karibu.

Kisha Bi Nyamizi akasema mgeni haondoki bila kusikia darasa likisoma, asije akafika kwao akasema wapagazi walimpigia kelele tu. Akasimama mwenyewe. Akashika kitabu kwa mikono miwili, akakisogeza mbali, akakileta karibu, akaanza. Kilikuwa kisa cha mama aliyesafiri kwenda kumtafuta mwanawe. Neno fupi alilipita. Neno refu alilishika, akalikata vipande, akaviunga, akalitoa. Kwenye "wakamkaribisha" alikwama. Jasho likamtoka puani. Akarudi mwanzo wa neno, akalipanda taratibu, na lilipotoka zima alipiga kidole juu ya ukurasa kwa nguvu, kama anayeua mbu. Darasa likapiga vigelegele.

Asnath alifurahi hata akasahau mashaka yake. Alimgeukia mgeni ili wafurahi pamoja. Bwana Kondo alikuwa amewapa mgongo, anatazama nje dirishani, na nje hapakuwa na kitu ila gari lake mwenyewe.

"Mzaramo umezibwa!" Mzee Kornel alisema.

"Nimezibwa," Bwana Kondo alisema, bado ametazama nje.

Muda wa kuondoka ulipofika walimsindikiza kwa matusi mazuri mazuri mpaka mlangoni. Mzee Kornel alimpa chupa ya asali, akimwonya asiiuze njiani. Asnath peke yake ndiye aliyekwenda naye hadi kwenye gari. Bwana Kondo alifungua mlango, akaweka ile chupa kwenye kiti, akaufunga mlango tena bila kuingia.

"Dada Asnath," alisema. "Naomba mnisamehe."

Mtu mwingine angeyachukua maneno hayo kuwa adabu tu. Lakini mtani haombi radhi. Hiyo ndiyo sheria moja aliyokuwa nayo Asnath kutoka misibani, na haina mlango wa nyuma: mtani akikutukana, akikunyang'anya, akikuzika akacheka, hasemi nisamehe, maana akisema nisamehe utani umekufa na yaliyosemwa yote yanakuwa kweli.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Ni kweli. Uamuzi ulishapita. Barua inakuja. Mimi niliomba nitangulie nije nieleze kwa mdomo, nikaona barua tupu ni ukatili."

"Sasa mbona hukueleza?"

"Si nimeeleza, dada? Nimesema pale mbele ya wote. Wakacheka." Aliinamisha kichwa. "Nami nikafurahi kwamba wanacheka. Hilo ndilo ninaloliombea radhi."

Asnath alitaka kumtukana, akakumbuka kwamba akimtukana itakuwa utani tena. Basi alisogea kando, gari likapita, likaelekea mjini.

Alirudi ndani. Walikuwa bado wamechangamka, wanarudiana maneno ya mgeni, kila mmoja akimwigiza anavyojishika kiuno. Nyuki mmoja alikuwa akizunguka juu ya meza.

"Haya, mwalimu," Bi Nyamizi aliuliza, akipangusa macho kwa upindo wa khanga, "mtani wetu kasemaje mwisho?"

Asnath aliwatazama wote. Alitafuta namna nzuri ya kusema, hakuiona. "Amesema maktaba inafungwa," alisema. "Mwisho wa mwezi."

Walicheka. Mzee Kornel aligonga benchi. Mtu mmoja huko nyuma alisema mwalimu naye amegeuka Mzaramo. Na Asnath, kwa aibu yake mwenyewe, alijikuta midomo yake inatabasamu pamoja nao, maana kicheko cha watu wengi ni kigumu kukikataa, na tabasamu lile lilimuuma kuliko kilio.

Bi Nyamizi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alimwangalia Asnath, akaendelea kumwangalia.

"Njoo hapa," alisema. Asnath akaenda. "Mayu wako ni wa wapi?"

"Wa Uyui, mama."

"Na baba?"

"Wa hapa hapa Tabora."

"Basi wewe ni wa kwetu." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na benchi baada ya benchi watu walianza kunyamaza. "Wewe si mtani wangu, mwanangu. Wa kwetu hawezi kunitania hivyo."

Asnath alitikisa kichwa tu, kwamba hapana, hamtanii.

Mzee Kornel alikirudisha kisimu chake mfukoni. Bi Nyamizi alikaa kitako polepole, akakivuta kitabu, akatafuta kwa kidole mahali alipoishia. Akaanza kusoma tena kwa sauti, neno moja moja. Alikosea neno, akalipita. Alikosea jingine. Aliinua macho kungoja kusahihishwa, kama ilivyokuwa desturi yao, lakini mwalimu alikuwa amefunika uso kwa mikono, kwa hiyo akaendelea peke yake.